Breki Iliyonyamaza

Kila siku ya shule, jua likichomoza, Wayua alimfunga mtoto wake kwa leso.

Alifanya hivyo bila kufikiri, kama mtu anayefunga kamba za viatu. Mumewe Musyimi aliwasha pikipiki. Binti yao Kaluki, mwenye miaka minane, alipanda nyuma ya babake. Wayua alizungusha leso mgongoni mwa mtoto, akaileta mbele kwenye tumbo la baba, kisha akapiga fundo. Kaluki alipenda kusinzia njiani, na leso ilimzuia asianguke.

"Umekaza sana, Mama. Sipumui."

"Utapumua shuleni," Wayua alisema. "Nenda usome."

Nyumba yao iko juu ya kilima, nje kidogo ya soko la Mbumbuni. Kutoka langoni hadi barabarani kuna mteremko mfupi wenye mchanga. Musyimi aliachilia klachi, nao wakaanza kushuka. Wayua aligeuka kurudi kwenye cherehani yake, kwa kuwa alikuwa na sare za kwaya za kumaliza.

"Baba, simama! Nimesahau daftari!"

Wayua akatazama nyuma. Aliuona mguu wa Musyimi ukikanyaga breki. Siku zote breki ile ililia, tena kwa sauti ya kuamsha majirani. Leo haikulia. Pikipiki nayo haikusimama.

Musyimi alikanyaga tena. Pikipiki iliendelea kushuka, na sasa ilikuwa ikienda kasi zaidi. Kule chini lori la mchanga lilikuwa likikaribia, na dereva hakuwa amewaona.

Musyimi alishika breki ya mbele kwa nguvu. Gurudumu la mbele likateleza kwenye mchanga. Baba, mtoto na pikipiki wakaanguka pamoja hatua chache kutoka barabarani. Lori likapita likipiga honi, likawafunika kwa vumbi.

Wayua alikimbia. Alimkuta Kaluki akilia huku akijivuta, lakini hakuweza kutoka. Leso ilikuwa imembana na babake, na mguu wake ulikuwa umegusa bomba la ekzosi lililokuwa moto. Wayua alishika fundo. Fundo halikulegea. Lilikuwa limekazwa vizuri, naye ndiye aliyelikaza. Mwishowe alilifungua kwa meno.

Jirani yao Nyawira alisikia kilio, akaja mbio na mtungi wa maji. Wayua alikuwa tayari anaitisha dawa ya meno ili ampake mtoto.

"Usipake kitu, Mama Kaluki," Nyawira alisema. "Maji peke yake. Mimina polepole, usiache mpaka nikwambie. Halafu tunampeleka zahanati."

Wayua alimimina. Musyimi alikaa kando, kiwiko chake kikitoka damu, akiitazama pikipiki.

"Breki imenikataa," alisema. "Sielewi. Juzi ilikuwa sawa."

Wayua aliendelea kumimina maji. Yeye alielewa. Alijua kwa nini breki ile haikulia, kwa sababu yeye ndiye aliyeinyamazisha.

*

Mambo yalianza Jumapili ya wiki iliyotangulia. Walichelewa kanisani. Walifika wakati wa maombi, watu wote wakiwa wamefumba macho, na Musyimi akakanyaga breki mbele ya mlango. Breki ililia kwa sauti ndefu, kama mbuzi. Watoto wa Sunday school wakaangua kicheko. Baada ya ibada, mwendesha boda mwenzake aitwaye Musyoka alimpiga bega mbele ya wazee wa kanisa.

"Musyimi, huyu mbuzi wako anataka sadaka ama anataka kuokoka?"

Watu walicheka. Musyimi alicheka pia, lakini Wayua alimwona akiinamisha kichwa. Wiki nzima hakuwa na furaha.

Jumamosi, Musyimi alibadilisha oili ya injini, kisha akaenda kuoga. Wayua alikuwa akitia cherehani yake mafuta. Ndivyo alivyofanya kila Jumamosi. Cherehani ikilia, unaitia matone mawili, inanyamaza, kazi inaendelea. Alitazama pikipiki, akatazama kile kikopo chenye mdomo mrefu. Alipenyeza mdomo wa kikopo kwenye mwanya wa gurudumu la nyuma, mahali sauti ilipotoka, akabonyeza mara nyingi. Hakumwambia mumewe. Alitaka asikie tofauti mwenyewe.

Jumapili pikipiki haikutoka, kwa kuwa mvua ndogo ilinyesha na walienda kanisani kwa miguu. Jumatatu ikafika.

*

Alasiri ile, Nyawira alikuja uani na spana zake. Alizaliwa Murang'a, lakini alikuwa amekaa Ukambani miaka sita. Kabla ya kufungua duka la vipuri hapa Mbumbuni, alifanya kazi kwenye karakana ya kampuni iliyouza pikipiki kule Salama. Huko ndiko Musyimi alikonunua yake.

Kaluki alikuwa amelala ndani, mguu ukiwa umefungwa bendeji. Muuguzi alisema kidonda kitapona.

"Baba Kaluki," Nyawira aliuliza, "mara ya mwisho kupeleka hii Salama ni lini?"

"Mwezi wa pili. Zile sevisi za bure ziliisha, nikaona bei yao. Elfu nne na kitu, na siku nzima nimekaa kwa benchi bila kazi. Nikasema, sevisi ni kubadilisha oili. Oili hata mimi naweza kubadilisha."

"Na umebadilisha?"

"Kila mwezi, bila kukosa."

"Vizuri. Cheni je? Kichungi cha hewa? Breki umewahi kuzifungua?"

Musyimi alikuna shingo. "Si nimekwambia sevisi ni oili."

"Nani alikwambia ni oili tu?"

"Kila mtu steji ya boda anasema hivyo."

Nyawira hakumcheka. Alilegeza nati, akavuta gurudumu la nyuma, akalifungua. Ndani kulikuwa na vile vipande viwili vya nusu duara vinavyobana gurudumu likasimama. Vilipaswa kuwa vikavu. Vilikuwa vimelowa na kung'aa, vumbi limegeuka kuwa uji mweusi.

"Ona," alisema. "Breki hushika kwa kusugua. Sasa hapa itasugua nini? Inateleza tu. Kuna mafuta."

Musyimi alichutama. Uso wake ulibadilika.

"Ni mimi," alisema polepole. "Jumamosi nilimwaga oili ya zamani. Lazima ilirukia hapa. Ni mimi, nusura nimuue mtoto wangu."

"Oili iliyotoka kwa injini huwa nzito na ina harufu ya kuungua," Nyawira alisema. Alisugua ule uji kati ya vidole, akaunusa. "Lakini hii..."

Macho yake yalipita kwenye mlango uliokuwa wazi, yakafika kwenye cherehani na kile kikopo kando yake. Kisha yakamfikia Wayua.

Wayua alitazama chini. Sema, alijiambia. Sema sasa hivi.

"Hii sitaki kukisia," Nyawira alimaliza. "Iwe imetoka wapi, mafuta hayaingii kwa breki. Breki ikilia, inakwambia kitu. Labda imejaa vumbi. Labda imekwisha. Unaifungua uone. Ukiizima sauti tu, ugonjwa unabaki ndani."

Musyimi alisimama. "Basi. Mimi si fundi. Kila kitu kinarudi Salama, hata kama tutalala njaa. Na Kaluki hapandi hii pikipiki tena nikiiendesha."

"Baba Kaluki," Wayua alianza.

"Nimesema hapandi."

Aliingia ndani. Wayua alibaki na maneno yake mdomoni.

*

Kesho yake Musyimi alikuwa tayari kupakia pikipiki kwenye gari aende Salama. Nyawira alimkuta langoni.

"Ngoja kwanza," alisema. "Mimi niliwafanyia kazi, na wale watu si wezi. Unalipia vifaa na mtu aliyesomea injini. Lakini unawalipa pia kukaza cheni na kupanguza kichungi. Hiyo ni kazi ya dakika kumi hapa nyumbani. Kosa lako si kufanya mwenyewe. Kosa ni kufanya kitu kimoja na kuacha tisa."

"Sasa nitajuaje nifanye nini?"

"Kitabu kilichokuja na pikipiki kiko wapi?"

Musyimi alitazama ardhi. Kitabu kilikuwa chini ya kochi, kikizuia mguu mmoja usicheze. Wayua alikileta, akakipanguza kwa sketi. Kisha Nyawira akamwomba chaki ile ya kuchora vitambaa. Alipiga mstari katikati ya mlango wa mabati.

"Upande huu ni wa nyumbani. Upande ule ni wa Salama."

Aliandika huku akieleza. Kila asubuhi, kabla ya kutoka, tazama magurudumu yana upepo, taa zinawaka, breki zote mbili zinashika. Jaribu breki hapa uani ukisukuma kwa mkono, usingoje mteremko. Kila wiki, safisha cheni kwa kitambaa, uitie mafuta, kisha uibonyeze katikati. Ikikaza sana inakata, ikilegea sana inaruka. Iwe inacheza kiasi cha vidole viwili, halafu ulinganishe na kitabu. Mafuta ya cheni yaishie kwa cheni.

"Na oili?" Musyimi aliuliza.

"Oili unapimia mahali tambarare. Unabadilisha kwa kilomita zilizoandikwa kitabuni, si kwa mwezi. Mtu wa boda anamaliza kilomita haraka kuliko mwalimu anayeenda shule na kurudi. Na unanunua ile ya pikipiki, kwa mkebe uliofungwa. Unanunuaga wapi?"

"Kwa drumu pale sokoni. Wanapima kwa chupa ya soda."

"Hiyo ni ya nini? Ya lori? Ya trakta?"

"Ni oili tu."

Nyawira alifumba macho kidogo, kama mtu anayeumwa jino. "Klachi yako inateleza ukipanda kilima?"

"Eeh. Umejuaje?"

"Kwa pikipiki hii, klachi inaogelea ndani ya oili ya injini. Ukitia oili ya gari inaweza kuteleza. Ndiyo maana."

Aliendelea kuandika. Kichungi cha hewa kisafishwe kila wiki mbili, kwa sababu ya vumbi la huku. Upande wa Salama ukapata mambo machache. Sauti ngeni ndani ya injini. Vali. Nyaya za umeme zinazochoma. Na pikipiki yoyote ambayo waranti yake haijaisha, kwa kuwa ukiifungua mwenyewe kampuni inaweza kukataa kukusaidia.

"Na hili la mwisho," alisema, akiandika kwa herufi kubwa. "KITU USICHOKIJUA. Hicho usikiguse. Uliza."

Wayua alisoma maneno hayo. Yalibaki pale mlangoni, na kila mara alipoingia ndani aliyapita.

Siku ileile Nyawira alimsimamia Musyimi akibadilisha breki. Zile zilizolowa zilitupwa, kwa kuwa breki ikinywa mafuta haifai tena. Waliosha ndani ya gurudumu kwa sabuni, wakakausha, wakasugua kwa msasa. Nyawira hakushika spana hata mara moja. "Wewe," alisema kila mara. "Mkono wako ndio utakumbuka." Breki mpya zilimgharimu Musyimi chini ya mia tano.

Walipomaliza, Musyimi alipanda, akaenda mbio kidogo uani na kukanyaga. Pikipiki ilisimama papo hapo. Nyawira akamfanya arudie mara kumi, akitumia breki zote mbili pamoja.

"Sasa unaweza kumpeleka mtoto," alisema. "Lakini ile leso, hapana. Mkianguka hawezi kujitoa. Mtafutie helmeti ndogo, na akisinzia, simama."

Musyimi alitikisa kichwa. "Mtoto hapana. Watu wengine nitabeba. Yeye, siamini mikono yangu."

*

Wiki tatu zikapita. Musyimi alifuata chaki ya mlangoni bila kuruka mstari. Aliandika kila kazi kwenye daftari kuukuu la Kaluki, tarehe na kilomita. Klachi iliacha kuteleza. Petroli ilidumu zaidi. Aliposikia mlio kama wa kijiko ndani ya injini, hakuigusa. Alienda Salama kwa jambo hilo moja, vali zikarekebishwa, akarudi kabla ya saa saba. Alilipa chini ya nusu ya bei ya zamani.

"Musyimi," Musyoka alimwuliza steji, "mbona mbuzi wako halii siku hizi? Ulimchinja?"

"Nilimpeleka shule," Musyimi alisema. "Wewe oili yako ni ya chupa ya soda bado?"

Lakini nyumbani hakuwa na mzaha. Kila asubuhi Kaluki alitembea peke yake hadi shuleni, mwendo wa saa nzima. Njia ya miguu ilikatiza mto wa mchanga, ambao kiangazi chote ulikuwa mkavu. Njia ya pikipiki ilipita darajani, lakini ilikuwa ndefu mno kwa miguu ya mtoto. Musyimi alimtazama akiondoka, kisha akatazama viganja vyake.

Wayua alijaribu kusema. Alijaribu wakila, akaishia kuuliza kama chumvi inatosha. Alijaribu wakitoka kanisani, akaishia kuzungumza juu ya mbaazi. Alimwogopa Musyimi? Hapana. Aliogopa uso ambao Musyimi angekuwa nao akishajua.

Siku moja alienda dukani kwa Nyawira kununua balbu ya pikipiki. Hapakuwa na mtu mwingine.

"Mama Kaluki," Nyawira alisema bila kuinua macho, "cherehani huwa unaitia mafuta wapi?"

Wayua alishika kaunta. "Kila mahali panapolia."

"Ni sawa. Cherehani ni ya kukimbia. Breki ni ya kushika. Mtu hawezi kujua kama hajafundishwa."

"Utamwambia?"

"Si mimi wa kumwambia," Nyawira alisema, akampa balbu.

*

Mwisho wa mwezi wa kumi, mawingu yalianza kujikusanya upande wa milima ya Mbooni. Jumatano, Kaluki alirudi nyumbani akiwa amelowa hadi mapajani. Alikuwa na furaha.

"Mama, maji yalikuja tukiwa katikati ya mto! Hapa hata mvua hakukuwa. Yalikuja tu, na vijiti. Kyule wa darasa la saba akanivuta mkono."

Wayua alimvua sketi iliyolowa. Aliianika, akatazama upande wa mto.

Asubuhi iliyofuata, milima haikuonekana. Ilikuwa imefunikwa na wingu jeusi. Musyimi alikuwa uani akifuata chaki yake. Alibonyeza magurudumu. Alisukuma pikipiki, akajaribu breki ya nyuma, akajaribu ya mbele. Alibonyeza cheni kwa vidole. Kisha akawasha injini. Kaluki alivaa mkoba wake, akaelekea kwenye njia ya mto.

"Kaluki, ngoja," Wayua alisema.

Aliingia ndani. Alitoka na helmeti ndogo nyekundu, ambayo alikuwa ameinunua kwa pesa za zile sare za kwaya na kuificha chini ya vitambaa. Katika mkono mwingine alishika kile kikopo chenye mdomo mrefu. Alikiweka juu ya kiti cha pikipiki.

"Baba Kaluki, zima injini."

Musyimi alizima. "Hii ni nini?"

"Mafuta ya cherehani."

"Naona. Yanafanya nini hapa?"

"Ndiyo yaliyokuwa ndani ya breki."

Musyimi alikitazama kikopo, akamtazama yeye. Radi ilinguruma mbali, upande wa milima.

"Ile Jumamosi ulikuwa unaoga," Wayua alisema. "Nilitia mimi. Watu walikuwa wamekucheka, nikakuona umeinamisha kichwa. Nilitaka inyamaze. Nilifikiri ni kama cherehani."

"Wiki tano," Musyimi alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Wiki tano naangalia hii mikono kama ya mtu mbaya. Na ulikuwa unaniona."

"Nilikuwa nakuona kila siku."

"Na ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Kaluki alisimama kati yao, akitazama huku na huku. Musyimi alikichukua kikopo, akakigeuza mara mbili kiganjani. Alitembea hadi dirishani, akakiweka kando ya cherehani, mahali pake. Alirudi. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Kwa nini unaniambia leo?"

Wayua alimvalisha Kaluki helmeti, akafunga kamba chini ya kidevu, akajaribu kama imeshika. Kisha akainuka, akamtazama mumewe usoni.

"Kwa sababu mto umejaa, na kimya changu ndicho kinachompeleka mtoto huko. Kosa lilikuwa mikono yangu, Baba Kaluki. Yako naiamini. Mpakie, umpeleke kwa njia ya daraja."